Akiba ya Wakfu na Kodi

Leo twasoma historia ya kodi katika nchi ya India.

Sheria ya kodi ya mwaka 1922 ilisamehe mapato ya mali ya wakfu wa kusaidia watu, hata yakiwekwa akiba. Hilo lilifaa, kwani hospitali haijengwi kwa mapato ya mwaka mmoja. Lakini fedha ziliweza kulala miaka mingi, na mgonjwa akangoja.

Kwa hiyo sheria ya 1961 iliweka mipaka. Wakfu uliruhusiwa kubakiza robo ya mapato, yaani rupia 25 katika kila 100. Ukitaka kuweka zaidi, ulimwandikia ofisa wa kodi: akiba ni ya kazi gani, na ya muda gani? Muda usizidi miaka 10. Ukipita bila kazi kufanywa, fedha zilitozwa kodi.

Baadaye masharti yalikazwa. Sheria ya 2001 ilipunguza muda kuwa miaka 5. Ile ya 2002 ilipunguza robo kuwa rupia 15.

Kodi ikisamehewa, wananchi wote wamechangia. Basi akiba lazima iwe na kazi yake na siku yake.

Swali la darasa: Je, miaka 5 yatosha kujenga hospitali? Zungumzeni. Kwaherini.