Kukoboa: Mchele, Weupe na Ngozi Yangu

Mara ya mwisho nilipokwenda Ifakara kumsalimia Bibi, aliniangalia kwa muda kabla ya kuitikia shikamoo yangu.

"Marahaba," akasema. "Na wewe umeanza kujikoboa?"

Nikacheka, cheko la mtu aliyekamatwa. "Hapana Bibi. Ni sabuni ya mchele tu."

Na kweli ilikuwa sabuni ya mchele, au ndivyo boksi lake lilivyosema. Niliinunua Kariakoo. Mbele ilikuwa na picha ya suke la mpunga na bakuli la kitu cheupe kama maziwa. Muuza duka aliniambia, "Hii dada yangu ni asili tupu. Mchele una kemikali gani?" Nikaona anasema kweli. Nani aliwahi kudhurika na mchele? Wiki tatu za kwanza uso ulitakata, rafiki zangu wakaniuliza natumia nini. Wiki ya sita nilikuwa na mabaka meusi juu ya mashavu, na jua la saa nne tu asubuhi lilinichoma kama nimepakwa pilipili.

Bibi hakunigombeza. Alinyoosha mikono yake, ile mikono ambayo imeosha mchele tangu alipokuwa binti mdogo, akaniuliza: "Kama mchele unafanya mtu awe mweupe, mbona mimi niko hivi?"

Sikuwa na jibu. Niliporudi Dar nikaanza kusoma, na kila nilipofuata njia ya mchele kwenye ngozi, ilinipeleka Japani. Haya niliyokuta huko ndiyo jibu langu kwa Bibi, ingawa limechelewa.

Tuanze na pumba. Sisi tunaotoka kwenye mpunga tunajua kwamba mchele hauzaliwi mweupe. Unautoa ganda la nje, kumvi, na ndani yake unakuta punje ya rangi ya kahawia. Ukiendelea kuikoboa ndipo weupe unatokea, na kinachotoka ni pumba, karibu asilimia 10 ya uzito wa ile punje ya kahawia. Ndani ya pumba kuna mafuta, protini na vitamini. Kwetu tunawapa kuku. Wajapani wanaiita nuka, na katika mji wa Edo, ambao leo ndio Tokyo, ilikuwa sabuni ya watu wa kawaida.

Sabuni yenyewe waliijua. Ililetwa na meli za Wareno na Wahispania katika karne ya 16, na ipo barua ya mwaka 1596 ambayo kiongozi mmoja, Ishida Mitsunari, anamshukuru mfanyabiashara kwa kumtumia zawadi ya sabuni. Waliiita shabon. Msomaji, ukilitamka neno hilo polepole utalisikia sabuni letu ndani yake. La kwao lilipitia kwa Wareno na Wahispania, la kwetu kwa Waarabu, lakini mzizi ni mmoja. Ila sabuni ilikuwa kitu cha wakubwa. Viwanda vya kuitengeneza havikuanza Japani mpaka miaka ya 1870. Kabla ya hapo, mwanamke wa Edo akienda kwenye bafu la umma alibeba kifuko kidogo cha kitambaa cha pamba chenye pumba ya mchele ndani. Asipokuwa na pumba yake, aliweza kuinunua palepale bafuni. Alikilowesha kifuko kwenye maji ya moto, akakikamua mpaka maji meupe yakatoka, kisha akasugulia uso, shingo na mikono, taratibu.

Hakuna uchawi hapo. Mafuta ya pumba yanalainisha, wanga na protini vinanasa uchafu, na ngozi haibaki imekauka kama ilivyo kwa sabuni kali. Mwaka 1813 kilichapishwa kitabu cha urembo kiitwacho Miyako fūzoku kewaiden, kikifundisha jinsi ya kuosha uso, kujipaka, kutengeneza nywele na kuvaa. Kiliendelea kuchapwa kwa takribani miaka 100. Kwa hiyo mtu akikuambia leo kwamba kujitunza ngozi kwa hatua moja baada ya nyingine ni mambo ya vijana wa simu, mwambie kuna watu walikuwa nayo kabla ya treni.

Hadi hapo nilikuwa nimeshaanza kujisikia vizuri. Nikasema, kumbe muuza duka alikuwa sahihi, ni asili tupu. Halafu nikasoma kilichofuata baada ya kuosha.

Akishamaliza na kifuko chake cha pumba, mwanamke yuleyule alijipaka poda nyeupe. Wajapani wana methali isemayo kwamba ngozi nyeupe huficha kasoro saba. Na poda ya kuzificha hizo kasoro ilitengenezwa kwa risasi, ile madini, au kwa zebaki. Waliojipaka kila siku kwa kazi, kama waigizaji, ndio walioumia zaidi. Mwaka 1887 mwigizaji maarufu wa kabuki, Nakamura Fukusuke, alikuwa jukwaani mbele ya Mfalme Meiji mwenyewe, mguu wake ukaanza kutetemeka na asiweze kuuzuia. Ilisemwa ni sumu ya risasi iliyotoka kwenye poda. Nchi nzima ikazungumza. Poda zisizo na risasi zikatengenezwa, lakini zile za risasi ziliendelea kuuzwa mpaka miaka ya 1930 zilipopigwa marufuku. Watu walijua, na bado walijipaka. Naomba usiwacheke, kwa sababu na mimi niliendelea na sabuni yangu wiki mbili nzima baada ya kuona baka la kwanza.

Kwa hiyo kwenye uso mmoja kulikuwa na mambo mawili: pumba inayoosha na poda inayoficha. Moja ilikuwa inatunza ngozi, nyingine ilikuwa inaikataa.

Sasa nikajiuliza swali la kijinga, swali la mtu wa Ifakara: hiyo pumba yote mjini ilitoka wapi? Jibu ni kwamba watu wa Edo walipenda wali mweupe kabisa. Kijijini mkulima alikula nafaka zisizokobolewa vizuri, shayiri na mtama. Mjini, mchele mweupe ulikuwa alama ya kwamba umefika. Na mjini ndiko ulikokuwa ugonjwa ambao watu waliuita kwa jina la mji wenyewe, ugonjwa wa Edo. Mtu anatoka mkoani ana nguvu zake, anakaa Edo, miguu inavimba na kufa ganzi, moyo unachoka. Anarudi kwao, anapona. Leo tunauita beriberi. Inaaminika ndio uliomuua hata shogun Tokugawa Iemochi mwaka 1866, akiwa na miaka 20 tu.

Daktari wa jeshi la majini, Takaki Kanehiro, alishuku chakula. Kulikuwa na meli ya mafunzo, Ryūjō, iliyosafiri kati ya mwaka 1882 na 1883 ikiwa na watu 376. Kati yao 169 waliugua na 25 wakafa. Mwaka 1884 Takaki akahakikisha meli nyingine, Tsukuba, inapita njia ileile lakini mabaharia wanakula nyama, shayiri na maharage, wali mweupe ukipunguzwa. Hakufa hata mmoja kwa beriberi. Alidhani tatizo ni upungufu wa protini, hakupatia hapo, ila dawa yake ilifanya kazi. Mwaka 1910 mwanakemia Suzuki Umetarō akatenga kwenye pumba ya mchele kitu kilichokuwa kinakosekana. Sasa tunakijua kama vitamini B1.

Niliposoma hapo niliweka simu chini. Yaani watu wale walikuwa wanakoboa mchele mpaka uwe mweupe, wanakula weupe, na uhai wao wanautia kwenye kifuko cha kuogea. Ngozi ilipata kile ambacho mwili ulikuwa unakililia. Hawakuwa wajinga, hakuna aliyekuwa anajua vitamini ni nini. Lakini neno la Bibi likanirudia kichwani. Kujikoboa. Wengine husema kujichubua, na mchanganyiko wa kupaka wote tunaujua kwa jina la mkorogo. Ila nadhani aliyeanza kusema kujikoboa alikuwa amesimama kwenye kinu cha mpunga akaona kinachotoka.

Sasa turudi kwenye sabuni yangu, maana hapo ndipo nilipodanganywa, au nilipojidanganya. Nyuma ya boksi, kwa herufi za kutafuta kwa miwani, kulikuwa na asidi ya koji. Koji ni wali au nafaka iliyopikwa na kuoteshwa ukungu aina ya Aspergillus oryzae. Wajapani wanautumia kutengeneza sake, yaani pombe yao ya mchele, pamoja na mchuzi wa soya. Mwaka 1907 mtafiti aitwaye Saitō aliigundua asidi hiyo kwenye ukungu huo ulipokuwa umekuzwa juu ya wali. Baadaye ikajulikana kwamba inazuia kimeng'enya ambacho mwili hukitumia kutengeneza melanini, ile rangi inayotukinga na jua. Hadithi inayopendwa na watangazaji ni ya wazee watengeneza sake wenye nyuso za makunyanzi na mikono laini kama ya mtoto. Hadithi nzuri. Lakini mikono iliyoloweshwa kwenye koji na asidi iliyotengwa maabara na kutiwa kwenye sabuni ni vitu viwili.

Kwa hiyo, Bibi, mchele haumfanyi mtu awe mweupe. Ukungu unaokaa juu ya wali unatoa kitu, kitu hicho kikitengwa na kukolezwa kinazuia rangi, halafu mtu anachora suke la mpunga mbele ya boksi. Japani kwenyewe waliisimamisha asidi hiyo mwaka 2003 kwa wasiwasi wa usalama, wakairuhusu tena mwaka 2005 baada ya uchunguzi. Mwaka 2024 Umoja wa Ulaya uliweka kikomo cha asilimia 1 kwa bidhaa za uso na mikono. Siyo sumu ya panya. Lakini ukiipaka kila asubuhi bila kujua kipimo, kisha ukatembea kutoka Msimbazi hadi Mnazi Mmoja saa saba mchana, umejivua mwavuli na hujaambiwa.

Na mimi nilikuwa na bahati. Kwenye mkorogo kunakutwa vitu vibaya zaidi, zebaki na haidrokwinoni, ambavyo vimepigwa marufuku kwenye vipodozi hapa Tanzania. Mkataba wa dunia unaoikataza zebaki kwenye vipodozi unaitwa Mkataba wa Minamata, wa mwaka 2013. Minamata ni mji wa Japani ambako mwaka 1956 iligundulika kwamba watu wanaugua mishipa ya fahamu. Zebaki ya kiwandani ilikuwa imeingia kwenye samaki wao. Nchi ileile ya kifuko cha pumba ndiyo iliyoipa dunia jina la kukumbuka hatari ya zebaki.

Je, mchele tuuache? Hapana, tuuache uwe mchele. Mwaka 2002 watafiti wa Ubelgiji waliripoti kwamba kuoga dakika 15 mara mbili kwa siku kwenye maji yenye wanga wa mchele kulisaidia ngozi iliyokwaruzwa na sabuni kali ipone kwa karibu asilimia 20 zaidi. Kazi ya wanga ni hiyo, kutuliza. Haugeuzi mtu.

Siku hizi asubuhi naosha mchele wangu mara moja kuondoa vumbi, maji yale namwaga. Maji ya pili nayaweka kwenye bakuli, nanawia uso, naacha dakika chache, nasuuza. Yakibaki hayalali, yanachacha haraka. Jumamosi nachekecha pumba safi ya mashineni, nafunga kijiko kimoja kwenye kitambaa cha khanga iliyochakaa, nakikamua kama wale wanawake wa Edo. Pumba nayo isikae sana, mafuta yake huvunda. Mabaka bado yapo, yanafifia polepole, na kofia sasa siiachi nyumbani. Rangi yangu imerudi ilikokuwa. Mwanzoni niliiona kama hasara. Nasema ukweli, nilisimama mbele ya kioo nikaona kama nimeshuka daraja.

Nilimpigia Bibi kumweleza yote haya. Nilimsimulia Edo, mwigizaji aliyetetemeka, meli mbili, pumba ndani ya vifuko. Alisikiliza, akaguna mara mbili tatu. Akaniambia hata fundi wa mashine anajua kwamba mchele ukikobolewa kupita kiasi unavunjika, unabaki chenga, na bei inashuka. Halafu akanyamaza kidogo.

"Sasa hao Wajapani," akauliza, "kama pumba yote waliogea, kuku walikuwa wanakula nini?"