Mwisho wa Mti wa Krismasi

Habari za kuingia kwa mti wa Krismasi nyumbani zimeandikwa mara nyingi. Habari za kutoka kwake ni chache. Walakini tabia ya watu hujulikana zaidi kwa jinsi waagavyo kitu kilichowafaa kuliko kwa jinsi wakilakivyo.

Taarifa ya mwaka 1605 yasema kwamba watu wa Strasbourg walisimamisha misonobari vyumbani mwao wakati wa Krismasi, wakaipamba kwa waridi za karatasi, matufaha na vitu vya sukari. Desturi hiyo ilikaa kwa Wajerumani muda mrefu kabla ya kuvuka bahari. Mwaka 1848 gazeti la Illustrated London News lilichapa picha ya Malkia Victoria, mumewe Albert na watoto wao kando ya mti wao, na jamaa nyingi za Uingereza zikaiga mfano wa jumba la kifalme.

Desturi hiyo iliwekewa mpaka. Waingereza huondoa mapambo tarehe 5 au 6 Januari, na akawiaye husemwa kwamba anajitakia nuksi. Huko Uswidi mti huweza kukaa mpaka siku ya Knut, tarehe 13 Januari. Siku hiyo watoto huuzunguka kwa nyimbo na ngoma, huteka nyara vitu vitamu vilivyotundikwa matawini, kisha mti hutolewa nje. Hivyo hata kuaga kulikuwa sherehe.

Palipokuwa na meko ya kuni na shamba nyuma ya nyumba, mti uliotolewa haukuwa mzigo. Miji ilipokua, na meko kuzimika, ukawa taka. Taka hiyo si kitu kidogo. Mti ukifukiwa jaani pasipo hewa, huoza na kutoa gesi ya methani, ambayo huzidisha joto la dunia. Shirika la Carbon Trust la Uingereza limekadiria kwamba mti wa mita 2 uliotupwa jaani hudhuru hewa sawa na kilo 16 za kaboni dayoksaidi, ilhali uliosagwa vibanzi hauzidi kilo 3.5 hivi.

Ndipo miji ilipotafuta njia nyingine. Tangu mwaka 1947 mji wa Oslo huupelekea mji wa London mti kila mwaka, kuwa shukrani kwa msaada wa wakati wa Vita Kuu ya Pili. Sherehe zikiisha, mti huo wa Trafalgar Square hukatwakatwa ukawa matandazo ya bustani. Huko New York, tangu mwaka 2007, mbao za mti wa Rockefeller Center zimetolewa kwa Habitat for Humanity, zijengee nyumba. Pwani ya Lytham St Annes, Uingereza, miti hufukiwa nusu mchangani: matawi hupunguza mbio za upepo, mchanga huanguka, na vilima viikingavyo nchi na bahari hukua. Katika vinamasi vya Louisiana, miti hupangwa ndani ya nyua za mbao; mawimbi hutulia, tope hutua, na majani huota tena.

Lakini kazi zote hizo zina sharti moja. Mti sharti uvuliwe nyuzi zake za kung'aa, waya na theluji ya bandia. La sivyo mashine haiusagi, wala udongo haupokei. Mikono iliyoupamba ndiyo ipasayo kuuvua.

Mti wa kimo cha mtu huhitaji miaka 7 au zaidi kukua, nao hutazamwa siku 12. Hapana matandazo wala kilima cha mchanga kiwezacho kuirudisha miaka hiyo. Akiba haiozi, wasema wahenga; mti huoza, ila ukiozea mahali pake, huwa akiba ya udongo kwa mti utakaofuata.