UZI: Namba pleti, pesa ya hisani, na swali la nani anachagua

1/ Mjadala wa ushuru ukiwaka hapa Kenya, lazima mtu aseme: "Si kila mtu achangie tu kile anachokipenda?" Wazo tamu. Marekani walilijaribu kwa kitu kidogo sana: namba pleti ya gari. Kaeni hapa, hii historia itawafaa kwa mabishano yajayo.

2/ 28 Januari 1986, chombo cha anga Challenger kilisambaratika sekunde 73 baada ya kurushwa kutoka Florida. Wote 7 waliokuwa ndani walikufa, mmoja wao mwalimu wa shule. Jimbo likaleta namba pleti ya kuwakumbuka. Ukiitaka, unalipa kitu juu ya ada ya kawaida, na hiyo nyongeza inaenda kwa mfuko wa kumbukumbu.

3/ Ilianza kuuzwa 1987. Kufikia 1991, ukuta mkubwa wa mawe meusi wenye majina yao ulikuwa umezinduliwa pale Kennedy Space Center. Hakuna mtu alilazimishwa kutoa hata senti. Safi kabisa, ama?

4/ Majimbo mengine yakaona hii ni pesa bila kelele ya ushuru. Maryland ikatoa ya Ghuba ya Chesapeake mwaka 1990. California ikatoa ya mkia wa nyangumi 1997, kusaidia pwani yake. Florida ikaongeza nguva, kasa na wengine wengi.

5/ Lakini angalia: nguva ana picha nzuri. Choo cha shule hakina. Hisani ya namba pleti inafuata kile mwenye gari anapenda kuonekana nacho barabarani. Kinachohitajika zaidi kinaweza kubaki nyuma.

6/ Halafu siasa ikaingia. Namba pleti ni ya serikali, kwa hivyo lazima mtu serikalini aidhinishe. Mwaka 1999 Florida ilipitisha ya "Choose Life", ya wanaopinga utoaji mimba. Pesa zilienda kwa mashirika yanayosaidia wajawazito wanaopanga kumpa mtoto kwa familia nyingine. Mashirika yanayohusika na utoaji mimba yalifungiwa nje.

7/ North Carolina 2011: bunge likakubali hiyo, likakataa ya upande wa pili. Watu wakaenda kortini. Majaji mwanzoni wakasema huo ni ubaguzi wa maoni.

8/ Wakati huo Texas nao walikuwa wamekataa namba pleti yenye bendera ya majimbo ya kusini yaliyopigania utumwa. Mwaka 2015 Mahakama ya Juu ikaamua, majaji 5 kwa 4: maneno ya namba pleti ni ya serikali yenyewe, kwa hivyo inaweza kukataa.

9/ Sasa cheki. Waliochukia ile bendera walishangilia. Lakini hukumu hiyo hiyo ndiyo iliyoipa North Carolina ushindi baadaye. Kanuni ukiipenda kwa sababu imempiga mpinzani wako, ujue kesho itakupiga wewe.

10/ Huku kwetu hatuchangi kwa namba pleti, lakini swali tunalijua. Tozo ya mafuta ya kutengeneza barabara iko tangu 1993, na bado tunabishana nani azishike hizo pesa. Harambee nayo ni hiari, lakini si mnajua maikrofoni hupewa nani? Mwenye bahasha nene.

11/ Kwa hivyo mtu akikuambia "hii pesa ni ya kazi moja tu" ama "ni hiari", usibishe haraka, wala usipige makofi haraka. Uliza matatu:
– Nani alichagua hiyo kazi?
– Nani amefungiwa nje?
– Bajeti ya kawaida ya kazi hiyo imebaki, ama imepunguzwa kimya kimya?

12/ Namba pleti ya Challenger ilifaulu kwa sababu karibu kila mtu alikubaliana na lengo. Mambo mengi tunayobishania si hivyo. Hapo ndipo bajeti ya wazi, inayojadiliwa mbele ya wote, inashinda mchango wa hiari. Mwisho wa uzi. Kama unapinga, leta hoja, matusi tumeshiba.