Jinsi chaji za umeme zinavyogawanyika kwenye minyororo ya masizi

MASIZI yanayofuka kutoka kwa utambi wa koroboi au bomba la moshi la lori la dizeli huonekana kama wingu jeusi tu. Chini ya hadubini ya elektroni, hata hivyo, masizi hayo ni minyororo: vitufe vya kaboni vyenye kipenyo cha takriban nanomita 20 hadi 50, vilivyoshikana mithili ya shanga, pengine vikachipua matawi.

Ayoni zilizomo hewani huigonga minyororo hii na kuiachia chaji za umeme. Katika hewa ya kawaida, mnyororo mfupi aghalabu huwa na chaji moja, au hauna kabisa. Suala la ugawaji huzuka chaji zinapokuwa nyingi.

Kaboni ya masizi hupitisha umeme, na chaji za aina moja hufukuzana. Vitufe viwili vinavyolingana hugawana nusu kwa nusu. Kikiongezwa cha tatu kwenye mstari huo, usawa huvunjika: cha katikati, kikiwa kimebanwa na majirani pande zote mbili, hubaki na chaji chache kuliko wenzake. Hali ni hiyo hiyo kwenye mnyororo mrefu. Ncha zake, zikiwemo za matawi, ndizo hupata fungu nono. Isitoshe, mnyororo huweza kubeba chaji nyingi kuliko tufe moja lililofinyangwa kwa kaboni kiasi kile kile.

Hapo ndipo vipimo hupotoka. Vifaa vingi vya kupimia chembe huzipa chaji, kisha hutazama kasi yake katika uga wa umeme, huku hesabu zikichukulia kwamba kila chembe ni tufe.

Mitambo ya kunasa moshi kwa umeme, iliyoanzishwa na Mmarekani Frederick Cottrell mwanzoni mwa karne ya 20, nayo ina tatizo lake. Masizi huvutwa upesi hadi kwenye bamba, lakini kwa kuwa hupitisha umeme, hupoteza chaji papo hapo na huenda yakapeperushwa tena.

Mapafu hayana bahati hiyo. Chembe ndogo yenye chaji hunata kwa urahisi zaidi kwenye kuta za njia ya hewa, ilhali utafiti wa mwaka wa 2012 ulionyesha kuwa asilimia 7 hadi 9 ya mafuta ya taa katika koroboi hugeuka masizi.