Ng'ombe wa Chuma wa Bweranyange

Kwa lugha yetu "ihembe" maana yake ni pembe; basi sisi wa Ihembe hatuna udhuru tusipojua habari za ng'ombe. Lakini ng'ombe tunaotaka kuwaeleza leo hawakula majani. Walifuliwa kwa chuma na shaba, wakakaa Bweranyange, mji wa wafalme wa Karagwe.

Bwana Speke na Bwana Grant walipofika huko mwaka 1861, aliyetawala alikuwa Rumanyika, mwana wa Ndagara. Mwaka 1876 akaja Bwana Stanley, akaonyeshwa nyumba ya hazina. Katika kitabu chake cha mwaka 1878 ameandika habari za sanamu za bata wenye mabawa ya shaba, na za pofu, na za ng'ombe wasio na vichwa. Wazee husimulia ya kuwa Ndagara mwenyewe alikuwa mhunzi. Neno hili latupendeza: mfalme mwenye masizi mikononi!

Na chuma kilipatikanaje? Jirani zetu Wahaya walionyesha kazi hiyo tena mwaka 1976, mbele ya wataalamu wa mambo ya kale. Walichimba shimo, wakatia ndani yake nyasi za bwawani zilizochomwa. Wakajenga tanuru kwa udongo wa kichuguu pamoja na mavi ya chuma ya zamani. Wakatia makaa na mawe ya chuma, wakavuta mivuo. Tazameni basi: kilima kilitoa jiwe, bwawa likatoa nyasi, mti ukatoa makaa, hata mchwa walitoa udongo wao. Hatusemi wahunzi hawakuharibu kitu, maana makaa yalikula miti mingi. Lakini chuma kile kilirudi shambani kuwa jembe, na kwa mfalme kilirudi kuwa mnyama. Wako wanaosema sanamu zile ni za kuabudiwa. Sisi twaziona kuwa ni deni lililokiriwa na tumaini lililofuliwa: nchi imetupa, nasi twaitakia mifugo iongezeke.

Sotoka ilipoingia nchi hizi katika miaka ya 1890, makundi yaliteketea. Ng'ombe wa chuma tu ndio hawakuugua. Baadaye baadhi ya vitu vya Karagwe vilipelekwa Ujerumani, na hata leo viko huko katika majumba ya makumbusho.

Mwaka 2019 serikali ilitangaza hifadhi ya taifa iitwayo Rumanyika-Karagwe. Jina la mfalme sasa liko kwa wanyama wa porini. Lakini mavi ya chuma ya wahunzi wake twayatupa kando ya njia tulimapo. Mwezi uliopita mtoto mmoja alituletea pande moja, zito, jeusi, lenye matundu. Baba yake alikuwa akilitumia kuzuia mlango. Tumeliweka juu ya meza darasani, chini ya dirisha. Nawe, ndugu msomaji, jembe lako likigonga jiwe la namna hiyo, usilitupe. Mpe mtoto alilete shuleni, na umwambie ni shamba gani, upande gani wa kilima.