Mtoto Mwenye Mahitaji Maalumu: Zijue Aina na Dalili

Mtoto akiitwa mara tatu asiitike, tunasema ni mkaidi. Akichelewa kujua kusoma, tunasema ni mzito. Kumbe wakati mwingine hasikii vizuri au haoni ubaoni, na fimbo haitamsaidia. Wanafunzi wenye mahitaji maalumu ni wa aina nyingi, na kila aina ina msaada wake.

Uziwi au usikivu hafifu. Hashtuki kwa kelele, hutazama sana midomo ya anayeongea. Usaha wa masikio usiotibiwa na homa ya uti wa mgongo ni baadhi ya sababu. Huhitaji kifaa cha kusikia au lugha ya alama, mapema.

Upofu au uoni hafifu. Husogeza daftari karibu na uso, hujikwaa mara kwa mara. Watoto wengi wenye ualbino wana uoni hafifu: wakae mbele darasani na wapewe maandishi makubwa. Asiyeona husoma kwa nukta nundu.

Ulemavu wa akili. Huchelewa kukaa, kutembea, kuongea na kujihudumia. Hujifunza kwa hatua ndogo zinazorudiwa.

Ulemavu wa viungo. Mfano ni mtindio wa ubongo, ambapo mwili hukakamaa au hulegea. Usidhani hana akili. Wapo wanaoelewa kila kitu, ila mkono hauandiki na ulimi ni mzito.

Usonji. Hakutazami usoni, hurudia jambo lilelile, husumbuliwa na kelele au mabadiliko. Hausababishwi na laana, chanjo wala malezi mabaya.

Ugumu wa kusoma, kuandika au hesabu. Akiulizwa kwa mdomo anajibu vizuri, lakini kwenye daftari herufi humchanganya.

Mtoto mmoja anaweza kuwa na zaidi ya aina moja.

Ufanye nini?

1. Andika unachokiona na kilianza lini.
2. Mpeleke kituo cha afya na kadi yake ya kliniki. Omba masikio na macho yapimwe kwanza.
3. Peleka majibu shuleni, na umwombe mwalimu mkuu akuunganishe na afisa elimu maalumu wa halmashauri.

Usisubiri darasa la kwanza. Mtoto wa miezi 18 asiyesema neno lolote, au wa umri wowote aliyeacha maneno aliyokuwa akiyasema, aonwe sasa. Na mama, usijilaumu. Kumleta ndiyo kazi yako; kumpima ni yetu.