Disasi Makulo: mtumwa aliyerudi kufundisha watu wa kwao

Watu wa Kisangani wanajua ya kama Stanley alianzisha posta hapa kwenye maporomoko ya mto, mwezi wa Desemba 1883. Lakini ni wachache wanaomjua mtoto mmoja aliyechukuliwa katika safari ileile. Jina lake Disasi Makulo.

Disasi alizaliwa yapata mwaka 1871, upande wa Basoko. Angali mtoto, Batambatamba, ndio watu wa Tippo Tip, walimkamata, wakamtenga na wazazi wake. Stanley akamnunua pamoja na watoto wengine, akawapeleka kwa masua mpaka Kinshasa. Walakini mtoto aliyenunuliwa hajawa huru bado. Amebadili bwana tu. Kwanza alipewa Mzungu aitwaye Swinburne, baadaye akaenda kwa Grenfell, misionere wa Waprotestanti. Akasafiri naye mtoni, akajifunza dini, akabatizwa mwaka 1894.

Angeweza kubaki karibu na Wazungu, akala mshahara wake kwa utulivu. Lakini mwaka 1902 alirudi upande wa kwao, akaanzisha misioni ya Yalemba, akafundisha watu. Kwa maoni yetu, ndipo alipokuwa huru kweli: hapo alipojitoa mwenyewe kuwatumikia ndugu zake.

Labda wengine watauliza: mbona tunamsifu Mprotestanti katika gazeti letu? Nasi tunajibu: kwa sababu kosa ni letu pia. Tunakumbuka vema ya kama Padri Grison alianzisha misioni ya Mtakatifu Gabrieli siku ya Noeli 1897. Lakini makatekista waliotembea kijiji kwa kijiji, ni nani aliyeandika majina yao? Misioni za Katoliki nazo zilikusanya watoto waliokombolewa. Wengi wao wamesahauliwa.

Hata Kiswahili hiki tunachohubiri nacho kilifika huku pamoja na misafara ya Tippo Tip. Zamani kilikuwa lugha ya wenye kukamata watu. Leo watu wanasali nacho. Mungu hakutupa kitu.

Disasi alikufa mwaka 1941. Tunamjua kwa sababu alimsimulia mwanawe maisha yake, na kitabu kikatoka mwaka 1983. Basi, ndugu katekista, nawe mseminari uliye likizoni, chukua daftari, uende kwa wazee wa parokia yako. Uulize ni nani aliyefundisha hapo kwanza, na alitoka wapi. Uandike jina lake kabla wazee hawajatuacha.